Sita Pacha Iliyolala

Hebu sema kweli: ukiletewa ujumbe wenye visanduku vitupu, kimoja baada ya kingine, bila herufi hata moja ya kusomeka, utaufanyaje? Utaufuta. Utasema simu ya fulani imeharibika, au mtoto kaichezea, kisha utaendelea na mambo yako.

Ndivyo kituo kizima kilivyofanya. Karatasi yenye visanduku ilitobolewa, ikafungwa nyuma kabisa ya faili la marehemu Fundi Saa, na hakuna aliyeitazama tena, mpaka faili lilipofika mezani kwa mpelelezi ambaye wenzake walimwita Taratibu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, miwani yake imeshikizwa kwa uzi upande mmoja, na kila alichokisoma alikisoma kwa kidole. Jina hilo walimpa kwa kumcheka. Yeye akalipokea kama sifa, likamkaa.

Asubuhi hiyo alikuwa ameufikia ukurasa wa mwisho. Kidole kikasimama.

"Koplo," akaita. "Njoo unieleze hivi ni nini."

Koplo, kijana mrefu aliyependa kujibu kabla swali halijaisha, akainama juu ya meza. "Hivyo ni visanduku, afande."

"Nimeviona. Nauliza ni nini."

"Ni uchafu wa mashine. Ule ni uchapaji wa ujumbe wa simu ya marehemu. Simu yenyewe imefungiwa lakiri makao makuu, sisi tuliletewa karatasi. Mahali penye maneno pamesomeka vizuri. Hapo mashine ilishindwa."

"Mbona uchafu umejipanga?"

Koplo akatazama tena. Taratibu akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Fundi Saa ametuma kisanduku kimoja. Rafiki yake akajibu kwa viwili. Fundi vitatu. Rafiki vinne. Ujumbe ulikuwa ukikua kama ukuta unaojengwa tofali kwa tofali, watu wawili wakipokezana, mpaka vikafika saba, na hapo ukuta ukaishia.

"Basi ni lugha ya siri," Koplo akasema, macho yakimng'aa. "Wahuni hutumia sana."

"Fundi Saa, mzee aliyevaa miwani juu ya miwani, ndiye mhuni?"

"Wazee wa siku hizi usiwaamini, afande."

Taratibu hakucheka, ingawa midomo ilitaka. Aliifungua karatasi nyingine iliyokunjwa na kubandikwa nyuma ya ile ya kwanza. Hii ilikuwa ujumbe uliotumwa kituoni na rafiki huyohuyo wa marehemu, siku moja baada ya mazishi. Ulianza kwa maneno: *Tafadhali mtazameni huyu wa mwisho, si yeye.* Chini yake visanduku saba. Basi.

"Na huu nani aliupokea?"

"Mimi, afande. Niliona umeharibika, nikauweka kwenye faili."

"Mtu anakwambia 'si yeye', wewe unauweka kwenye faili."

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Mkuu wa kituo, kofia mkononi. "Taratibu, faili la mzee wa saa limekamilika? Kesho asubuhi mkwe wake anasomewa shitaka la kuua."

"Bado, afande. Kuna visanduku."

"Visanduku gani tena?" Akaitazama karatasi kwa mbali, kama mtu anayetazama mchuzi wa jana. "Mambo yako wazi. Mzee kasukumwa ngazini, kaanguka, kichwa kimepasukia kwenye jiwe la chini. Daktari kaona alama za vidole kifuani. Daktari hawezi kuibana saa ya kifo, anasema baina ya alasiri na usiku. Lakini simu inaibana: giza limeshaingia, mzee bado anatuma ujumbe. Yuko hai. Baadaye kidogo majirani wanamsikia mkwe anagonga mlango na kufoka: 'Baba, fungua, leo tumalize haya maneno!' Asubuhi mzee ni maiti. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kujua aliandika nini kwenye huo ujumbe uliomweka hai."

Mkuu akavaa kofia, akaivua tena. "Una mpaka jioni," akasema, akatoka.

Kwenye benchi la ukumbini alikuwa amekaa binti wa marehemu, mkewe yule mtuhumiwa. Alikuwa na kanga mbili, moja kiunoni moja kichwani, na mfuko wa chakula mapajani ambacho askari wa zamu walikuwa hawajamruhusu kukiingiza. Taratibu alipopita, alisimama.

"Mama, shikamoo. Kesho wanampeleka kweli?"

"Marahaba, mwanangu. Kesho asubuhi, isipopatikana sababu ya kuzuia."

"Kugombana waligombana, sikatai. Mume wangu alitaka baba ahamie kwetu, baba hataki kuiacha karakana yake. Kila siku maneno ni hayohayo. Lakini kumwinulia mkono!" Akaubana mfuko kifuani. "Baba nimemzika. Na huyu nimzike akiwa hai?"

Taratibu hakumwahidi kitu. Alimwambia askari wa mlangoni auchukue ule mfuko, aukague, aupeleke mahabusu, kisha akapanda ngazi kwenda chumba cha kompyuta.

Chumba hicho kilikuwa cha mtaalamu mmoja mwembamba waliyemwita Waya, kwa umbo lake na kwa kazi yake. Meza yake ilijaa simu zilizofunguliwa matumbo. Taratibu akamwekea zile karatasi mbili.

"Waya, nifundishe kama unavyomfundisha bibi yako."

"Bibi yangu anajua kuliko wewe, afande. Anatuma picha za kuku wake kila asubuhi." Akavuta karatasi, akakunja uso. "Ahaa. Hivi havikuwa vitupu."

"Mbona ninavyoviona ni vitupu?"

"Sikiliza. Kompyuta haijui A wala B. Inajua namba. Kila herufi, kila alama ya maandishi, imepewa namba yake, ili mashine ya huku na ya kule zielewane. Sasa, sura ya hiyo alama inatoka kwenye fonti, yaani mkusanyiko wa maumbo ya herufi. Namba ikija, mashine inaenda kwenye fonti kutafuta sura. Ikiikosa, inachora kisanduku. Ni kama inasema, 'Hapa kuna mtu, ila picha yake sina.'"

"Kwa hiyo mtu yupo."

"Yupo, amevaa gunia. Ukinipa faili lenyewe, si hii karatasi, nitamvua."

Faili lilikuwepo kwenye mashine ya kituo. Waya akalifungua, akaziita namba zilizojificha chini ya kila kisanduku. Zikajipanga kwenye kioo, mchanganyiko wa tarakimu na herufi, na zote zilikuwa za ukoo mmoja, zinaanza kwa mwanzo uleule. Akatafuta fonti yenye maumbo yake, akaiingiza. Akabonyeza.

Visanduku vikageuka vyote kwa pamoja. Taratibu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena.

🁓🂓🁞🁋🂋🁖🁡

"Dhumna," akasema.

"Dhumna tupu! Walikuwa wanacheza dhumna kwa maandishi, wazee hawa." Waya alisahau kuwa ni kesi ya mauaji, akacheka, kisha akanyamaza. "Samahani, afande. Unaona, alama za kete ziko mia moja. Hamsini zimelala, hamsini zimesimama, na katika kila hamsini moja ni mgongo wa kete, kwa kete iliyofunikwa. Zipo tangu zamani ndani ya mashine, watu hawazijui."

"Kwa nini hii ya pili na ya tano zimesimama, na nyingine zimelala?"

"Hapo umenifikisha mwisho, afande. Mimi najua namba. Dhumna sijui."

Taratibu naye alikuwa hajui zaidi ya kusikia kete zikipigwa mezani barazani kwa watu. Akashuka na karatasi mpya, akafunga mlango wa ofisi yake, akampigia yule rafiki.

Aliishi mji mwingine. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na wote waliomjua walimwita Mwalimu, hata waliokuwa wakubwa kwake. Alipokea simu kabla haijalia mara ya pili, kama mtu aliyekaa nayo mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu. Napiga kutoka polisi, kuhusu Fundi Saa."

"Marahaba, mwanangu. Mmekwisha kuiona?"

"Tumeiona leo. Mashine yetu ilikuwa inatuonyesha visanduku."

Mwalimu akashusha pumzi ndefu. "Nami nilikaa hapa nasema polisi hawataki kujua. Visanduku! Kijana aliyenipigia alitaka saa tu. 'Ujumbe wa mwisho ulifika lini, mzee? Asante, mzee.' Kanikatia simu."

Taratibu akamtupia jicho Koplo, aliyekuwa ameketi pembeni. Koplo akawa anachunguza vifungo vya shati lake.

"Nieleze mchezo wenyewe, Mwalimu. Hatua kwa hatua. Sina haraka."

Mwalimu alieleza, na ilionekana alikuwa na kiu ya kueleza. Walikuwa wachezaji tangu ujana, meza moja, kila jioni. Alipohama, mchezo ukafa, na nusu ya urafiki ukafa nao. Mpaka siku alipogundua kwamba ndani ya simu mna alama za kete. Akaandika programu ndogo kwenye kompyuta ya mjukuu wake.

"Inachanganya kete ishirini na nane, inanigawia saba, inampelekea mwenzangu saba, zinazobaki zinalala. Na ilikuwa rahisi kuiandika, maana zile alama zimepangwa na mtu mwenye akili timamu! Unaanza na namba ya kete tupu iliyolala. Unachukua madoa ya kushoto, unayazidisha kwa saba, unajumlisha madoa ya kulia, unaongezea kwenye ile namba ya mwanzo. Kete yako hiyo hapo. Hakuna hata moja iliyokosewa nafasi. Niliona raha, mwanangu, kama nimerudi darasani."

"Programu ndiyo inayohukumu mchezo?"

"Ah, hapana! Programu inagawa tu. Kuhukumu ni kazi yetu, tungekosa la kubishania. Mtu ananakili safu nzima aliyotumiwa, anaongeza kete yake mwishoni, kushoto au kulia, anairudisha. Kila mmoja anao ujumbe aliouhifadhi wenye alama zote mia, anachukua humo. Alinifunga mara nyingi, lakini hilo usiliandike."

"Siliandiki. Sasa tazama safu ya mwisho."

Sauti ya mzee ikashuka. "Niliitazama mpaka macho yakauma. Mwanzo alianza yeye kwa sita pacha, sita pande zote mbili. Ameisimamisha. Kete pacha husimama, hukaa kwa kukingama kama inavyowekwa mezani, na ndiyo maana tulifurahi kukuta alama zilizosimama. Siku za mwanzo niliwahi kuilaza pacha moja kwa kupitiwa, alininunia wiki nzima. Nami nikaweka sita-tatu. Yeye tatu-tano. Mimi tano pacha, nimeisimamisha. Yeye tano-mbili. Hiyo ilikuwa alasiri. Mimi nikarudi mwanzo wa safu, kushoto, nikaweka nne-sita. Sasa huku kuna nne, kule kuna mbili. Zamu yake."

"Akachelewa."

"Hajawahi kuchelewa hivyo. Nikamwandikia, 'Umelala?' Kimya. Giza likaingia, nikaandika tena, 'Fundi, unaumwa?' Ndipo ikaja hiyo."

Taratibu akaisogeza karatasi karibu na dirisha. Kete ya mwisho kulia, iliyogusana na mbili. 🁡. Sita pacha. Imelala chali.

"Ya kwanza, hapo palihitaji mbili, si sita," Mwalimu akasema polepole. "Ya pili, imelala. Ya tatu, sita pacha ilishatoka! Ndiyo aliyoanzia mwenyewe! Kete ni moja tu katika ulimwengu wa mchezo, haizai. Na kuna la nne. Mikono yetu, yaani kete za kila mmoja, programu huifunga, sichungulii mpaka mchezo uishe. Baada ya kusikia msiba niliufungua mkono wake. Alikuwa na mbili-nne. Mwanangu, mbili-nne! Inaingia kulia, inaingia kushoto. Mtoto mdogo angeiona. Fundi angeitupa kabla sijaweka simu chini, na kunitukana juu yake."

"Angeweza kuwa mgonjwa, akili zimemruka?"

"Mgonjwa husahau kujibu. Hanakili safu yangu vizuri hivyo, kisha akaweka kitu ambacho hakipo." Mzee akakohoa. "Aliyeandika ile hajawahi kukaa kwenye meza ya dhumna. Hata kwa dakika moja. Ndicho nilichotaka mkijue."

Taratibu alimshukuru, akaweka simu chini, akakaa akiizungusha kalamu.

"Koplo. Mkwe alitoka kazini saa ngapi siku ile?"

"Yeye ni msaidizi wa wauguzi, afande. Alikuwa zamu ya mchana. Nilithibitisha hospitali: muuguzi aliyempokea anasema walikabidhiana wodi giza likiwa limeshaingia. Kutoka pale akaenda kwa mzee."

"Na ujumbe huu umetumwa wakati yuko wodini bado anakabidhi."

"Ndiyo, lakini tulisema mzee alikuwa hai wakati huo, kwa hiyo—" Koplo akaacha mdomo wazi.

"Endelea."

"Kama si mzee aliyeutuma, basi mzee alikuwa ameshakufa. Na mkwe yuko hospitali."

"Na simu ilikuwa nyumbani, mezani, palepale ilipokutwa asubuhi. Nani mwingine alikuwa nyumbani?"

Hawakuhitaji kulitafuta jibu mbali. Kwenye maelezo kulikuwa na mtu mmoja tu aliyesema amemwona Fundi Saa akiwa hai gizani. Ni mdogo wake marehemu, aliyekuwa akiishi naye, ambaye mtaa wote ulimwita Baba Mdogo kwa kuwa binti wa marehemu alimwita hivyo. Taratibu akayasoma maelezo yake tena neno kwa neno, kwa kidole: *Nilitoka giza limeingia, nikamwacha anacheza na simu yake, anacheka. Nikaenda kwa jirani kutazama mpira. Niliporudi sikuwasha taa, nikajua amelala. Asubuhi ndiyo nikamkuta.*

"Anacheka," Taratibu akasema. "Uliza mtu yeyote, mtu aliyekwama kwenye zamu yake hacheki." Akainuka. "Nenda stoo ya vielelezo, niletee boksi la kete za marehemu. Za mbao. Saini ukitoka nalo."

Nyumba ya Fundi Saa ilikuwa nyembamba, chini jiko na chumba cha Baba Mdogo, juu karakana na kitanda cha marehemu. Ngazi zilikuwa za mbao, zimelika katikati kwa kukanyagwa. Jiwe la chini lilikuwa limesuguliwa mpaka likawa jeupe kuliko mengine.

Baba Mdogo aliwafungulia. Alikuwa mtu wa mabega mapana na mikono ya kazi, aproni ya jikoni kiunoni. "Karibuni, afande. Nilikuwa napika. Mazoea. Nimejikuta nimepima mchele wa watu wawili."

"Pole sana, kaka. Tunaomba tukakae juu, kule karakana."

Akasita kidogo, akatangulia. Ngazi alizipanda akiwa ameshikilia ukuta.

Juu, saa za ukutani zilikuwa zimesimama karibu zote, kila moja na wakati wake, kwa kuwa hakukuwa na wa kuzitia ufunguo. Moja ya pembeni ilikuwa bado inajikokota. Palikuwa na meza ya kazi, kiti cha marehemu chenye mto uliobonyea, na kiti cha pili kilichojaa visanduku vya vyuma na magurudumu ya saa mpaka juu. Vumbi lake lilikuwa la siku nyingi kuliko msiba.

"Kiti hiki hakikaliwi?" Taratibu akauliza.

"Hicho ni cha vyuma."

"Wewe ulikuwa unakaa wapi jioni, akicheza?"

"Mimi? Nilikuwa namletea chai, nashuka. Nina shughuli zangu." Akafuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Mkwe ameungama?"

"Bado. Wewe dhumna unaijua, kaka?"

"Nimeishi nayo nyumba moja miaka yote hii. Nitakosaje kuijua?"

"Vizuri, maana sisi wawili ni mbumbumbu." Taratibu akaketi kwenye kiti cha marehemu, akapanga nafasi mezani, akafungua boksi. Kete zikamwagika kwa sauti ile ya mbao kavu, na Baba Mdogo akatazama pembeni. "Nisaidie jambo moja. Huu ni mchezo wa mwisho wa kaka yako. Tumeupata kwenye simu."

Akaipanga safu taratibu, akiitazama karatasi: nne-sita, sita pacha imesimama, sita-tatu, tatu-tano, tano pacha imesimama, tano-mbili. Zilizobaki akazigeuza zote, madoa juu, akazisukuma upande wa pili wa meza.

"Zamu ni yake. Icheze."

"Ya nini, afande? Mtu amekwisha kufa."

"Ni utaratibu wetu tu. Weka kete aliyoiweka yeye. Ulisema ulimwacha anacheza."

Baba Mdogo alisimama, hakuwa na pa kukaa. Aliinamia kete. Vidole vyake vinene vikaanza kuzitenga, moja baada ya nyingine. Mbili-nne ilipita chini ya kidole gumba, akaisukuma kando. Akatafuta tena, sasa kwa haraka. Akageuza iliyokuwa juu ya nyingine. Koplo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alinyamaza pale alipotakiwa kunyamaza.

"Unatafuta ipi, kaka?"

"Ile kubwa. Ile iliyojaa. Alikuwa akiipata anapiga paja, anacheka peke yake mpaka mimi huko jikoni nasikia. Ilikuwa humu, si—"

Mkono ukasimama hewani. Alikuwa ameiona. Ilikuwa mbele yake, ya pili kutoka kushoto, imesimama wima ndani ya safu, madoa sita juu na sita chini.

"Ni hiyo tu," Taratibu akasema. "Nyingine hakuna. Kwenye simu alama haiishi, unainakili hata mara mia. Mezani kete ni moja." Akaiweka karatasi yenye ile safu ya mwisho kando ya zile za mbao. "Kaka yako asingeicheza mara mbili. Wala asingeilaza. Aliyeandika hii alikuwa amekaa hapa kwenye meza hii na simu, kaka yake amelala pale chini, na mtu wa mbali anauliza, 'Fundi, unaumwa?' Akaogopa kwamba atapiga, au atampigia binti. Akatafuta kitu cha kumnyamazisha. Akachagua iliyo kubwa kuliko zote."

Saa ya pembeni ilijikokota, ikagonga kidogo, ikaendelea.

"Mkwe alikuwa wodini bado," Taratibu akaongeza. "Kesho asubuhi anasomewa kuua. Mtoto wa kaka yako amekaa kwenye benchi letu tangu alfajiri na mfuko wa chakula."

Baba Mdogo alishika ukingo wa ile meza. Alitazama kiti cha pili, kile cha vyuma, na mikono yake ikafanya jambo ambalo Koplo alilieleza baadaye kwenye maelezo yake bila kujua kama lina maana: ilianza kuvitoa vile visanduku kutoka kitini, kimoja kimoja, na kuvipanga sakafuni kwa upole, kama mtu anayeandaa sebule kwa mgeni. Kilipobaki kitupu akakipangusa vumbi kwa aproni. Hakukaa.

"Sikumsukuma aanguke," akasema. "Nilimsukuma aniangalie."

"Eleza."

"Nilikuja na chai. Yeye yuko pale juu ya ngazi, simu usoni, anamcheka yule Mwalimu wake. Nikamwambia, 'Kaka, chai.' Hakusikia. Nikamwambia tena. Akasema, 'Subiri, wewe hujui haya.' Miaka yote, afande, 'wewe hujui haya.' Nimempikia, nimemfulia, miguu ilipomvimba nimeikanda. Mtu wa mji mwingine, hajamwona kwa macho sijui tangu lini, ndiye anayecheka naye." Aliongea bila kuinua sauti. "Nikamsukuma kifuani, hivi, kwa kiganja. Simu nikaidaka, ikabaki mkononi mwangu. Yeye akaenda."

Taratibu alimpa ishara Koplo, naye akaanza kuandika. "Nani aliyetuma ile kete?"

"Mimi."

"Utasema hivyo tena kituoni, mbele ya Mkuu, leo hii?"

"Nitasema. Mtoto yule asilie mara mbili kwa ajili yangu."

Taratibu akavua miwani. Katika maelezo ya mtuhumiwa kuna sehemu ya kujaza sababu, na yeye hakupenda kuijaza kwa kubahatisha. "Kaka, siku ile ulipomsukuma. Ulitaka nini kwake?"

Baba Mdogo alinyoosha kidole, akaigusa ile sita pacha, akairudisha ikae sawasawa, ingawa haikuwa imesogea.

"Nilitaka aondoe vyuma kwenye kiti," akasema. "Aseme, 'Kaa, mdogo wangu, nikufundishe.' Mara moja tu. Sikutaka kingine."